Lugha ya mnasihi: kwa nini maneno yanayombadilisha mtu ni yale anayoyasema yeye mwenyewe

#1 Mnasihi wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Watu wengi hapa kwetu Tanga wakiambiwa waende kwa mnasihi hudhani wanapelekwa kupewa mawaidha, na wengine hukataa kwa sababu hiyo, wakisema kwamba mawaidha wameshayasikia ya kutosha msikitini, kanisani, barazani na kwa mama wakwe. Kama hayo ndiyo yanayowangoja, wana haki ya kukataa. Mimi hufanya kazi ya unasihi na watu wenye shinikizo la damu, kisukari, na uraibu wa tumbaku, pombe na heroini, na ninachotaka tukijadili hapa ni namna lugha inavyotumika katika kazi hiyo. Sizungumzii ufasaha wa mnasihi. Nazungumzia ustadi wa kuzungumza hivi kwamba hoja za kubadilika zitoke kinywani mwa mteja, si mwa mtaalamu.

Jambo hili lina historia. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kuandika katika miaka ya 1940 kwamba mtaalamu apunguze kuelekeza, na badala yake amrudishie mteja maana ya kile alichokisema, ili mteja ajisikie ameeleweka na aendelee kujichunguza. Miaka 40 baadaye Mmarekani mwingine, William Miller, alikuwa Norway katika kliniki ya tiba ya ulevi karibu na Bergen. Wanasaikolojia vijana wa pale walimwomba awaonyeshe jinsi anavyozungumza na wagonjwa, wakawa wanamkatiza kila mara: kwa nini umeuliza hilo na hukuuliza hili? Kwa nini umelirudia neno lile ukaliacha jingine? Katika kuwajibu aligundua kwamba alikuwa akifuata kanuni ambazo hakuwahi kuzieleza popote. Alizichapisha mwaka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakazipanua kuwa kitabu.

Kiini cha kanuni hizo ni kwamba mtu anayeshindwa kuacha jambo linalomdhuru mara nyingi si mjinga wala mkaidi. Ana nia mbili kwa wakati mmoja. Anataka kuacha, na hataki. Mnasihi akianza kutetea upande wa kuacha, mteja kwa adabu au kwa hasira atautetea upande uliobaki, na kila anapoutetea anajisikia mwenyewe akiusema na kuzidi kuuamini. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha utafiti wa watu wenye tatizo la pombe ambao ulionyesha kwamba kadiri mtaalamu alivyombana mteja kwa kumpinga, ndivyo mteja huyo alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Nitatoa mfano wa mvuvi mwenye shinikizo la damu, ambaye mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Mazungumzo ya kwanza ni ya namna tunayoizoea.

– Mzee, mbona sigara hujaacha? Si ulielezwa madhara yake?
– Nilielezwa, mwanangu. Lakini baharini usiku kuna baridi, na bila sigara usingizi unanichukua.
– Presha yako iko juu, unaweza kupata kiharusi.
– Babu yangu alivuta mpaka uzeeni na hakuumwa hata kichwa.
– Huyo ni babu yako. Wewe unatakiwa uache.
– Sawa. Nitajitahidi, inshallah.

Haya ni ya pili, na mtu huyo huyo.

– Mzee wangu, naomba unieleze, ukiwa baharini sigara inakusaidia nini?
– Inaniondolea usingizi. Halafu wenzangu wote wanavuta.
– Inakuweka macho, na inakukalisha pamoja na wenzako.
– Naam. Ila siku hizi tukivuta nyavu pumzi inaniishia mapema. Vijana wanatazamana.
– Wanaliona hilo, na wewe hulipendi.
– Silipendi hata kidogo. Mimi ndiye nahodha. Pumzi ikiniishia, chombo wataniachia kweli?
– Unataka uendelee kuwa nahodha.
– Nataka nimkabidhi mwanangu chombo nikiwa na nguvu zangu. Hizi sigara itabidi nizipunguze.

Katika mazungumzo ya pili mnasihi hakutamka neno "acha" hata mara moja. Aliuliza swali moja tu, tena kuhusu faida ya sigara, swali ambalo mzee hakulitarajia kutoka kwa mtu wa hospitali. Baada ya hapo alisema kauli tatu fupi, na ukizichunguza utaona kwamba hakurudisha kila kitu alichoambiwa: alichagua. Habari ya nyavu hakuigusa kabisa, lakini lile la vijana kutazamana alilishika mara moja, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na heshima ya mtu na kazi yake. Mnasihi anayerudia tu kila neno kama kasuku hamsaidii mtu.

Kuna jambo la sauti hapa ambalo wanafunzi wa unasihi wanaozungumza Kiswahili wanapaswa kulizingatia zaidi ya wengine. "Unataka uendelee kuwa nahodha" ni kauli au ni swali, kutegemea tu sauti inashuka au inapanda mwishoni, kwa kuwa hatulazimiki kubadili mpangilio wa maneno. Sauti ikipanda, mteja anahisi anahojiwa, kwa hiyo anajibu ndiyo au hapana na kunyamaza. Ikishuka, anahisi ameeleweka, na kwa kawaida anaendelea. Nimewasikiliza wanafunzi wengi wakiharibu kauli nzuri kwa kuipandisha sauti silabi mbili za mwisho. "Mbona" nayo ni ya kuepukwa, kwa sababu katika masikio ya watu wa pwani imeshabeba lawama kabla sentensi haijaisha.

Tuirudie ile "sawa, nitajitahidi, inshallah" ya mazungumzo ya kwanza. Mnasihi asiye makini ataandika kwenye faili kwamba mteja amekubali kuacha, kumbe mteja amekubali tu kwamba mazungumzo yaishe kwa heshima. Tumelelewa kutokubishana uso kwa uso na mtu tunayemheshimu, kwa hiyo ukimya na "sawa" si ushahidi wa lolote. Kosa si la inshallah yenyewe, kwani mtu akisema "kesho inshallah sinunui pakiti, nitanunua sigara mbili za rejareja", huyo ana mpango. Tofauti iko katika kile kinachoambatana nayo.

Mwanaisimu-saikolojia Paul Amrhein na wenzake walilichunguza jambo hili mwaka 2003 kwa kupitia maneno ya watu waliokuwa katika tiba ya uraibu wa dawa za kulevya, kauli kwa kauli. Waliona kwamba nguvu ya kauli za kujifunga, yaani za kuahidi kutenda, hasa zile za kuelekea mwisho wa kikao, ndiyo iliyohusiana na kuacha dawa baadaye. Mtu kusema anatamani kuacha, au ana sababu za kuacha, hakukutosha kwenyewe, ingawa kulisaidia kumfikisha kwenye kauli hizo. Kwa hiyo sikio la mnasihi husikiliza vitenzi: "natamani niache", "naweza kuacha", "inabidi niache", "nitaacha", "nimeanza kupunguza". Anayesema "inabidi" bado anaizungumzia haja. Ukimrukia hapo na ratiba ya kuacha, utamrudisha nyuma. Muulize kwanza inabidi kwa sababu gani, umwache aizungumze sababu hiyo mpaka ashibe.

Kuna chombo kingine ninachokipenda kuliko vyote. Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waliofanya kazi ya unasihi Milwaukee, Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, waliacha kuuliza sana tatizo lilianzaje, wakawa wanauliza ni lini tatizo halikuwapo ingawa lingetarajiwa kuwapo. Mvutaji sigara Mwislamu hapa Tanga ana jibu tayari na mara nyingi hajalitambua: mwezi mzima wa Ramadhani hupitisha mchana wote bila kuvuta. Usimwambie "unaona kumbe unaweza", kwa kuwa hapo umemnyang'anya hitimisho lake. Muulize: "Saa tisa alasiri ya Ramadhani, kiu ya sigara ikikubana, huwa unafanya nini?" Atakueleza kwamba hulala, au huenda kuoga, au hukaa mbali na kijiwe fulani. Hizo ni mbinu zake, amezijaribu mwaka baada ya mwaka, na ni bora kuliko zozote utakazomletea kwenye kipeperushi.

Karibuni kwa hoja.

#2 Mwalimu wa Muheza

Nimeusoma uzi huu kwa utulivu na ninaona una elimu, lakini nina pingamizi. Jamii yetu imelelewa kwa maneno ya wakubwa. Kungwi humfunda mwari, somo humfunda biharusi, na wazee wa baraza humwita kijana wakamwambia bila kuficha kwamba anakokwenda siko. Je, mnataka tuamini kwamba nasaha hizo zote zilikuwa kazi bure? Pili, daktari asiposema waziwazi kwamba sigara inaua, je, hatakuwa ameficha ukweli aliolipwa kuusema?

#3 Mnasihi wa Ngamiani

Mwalimu, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Kungwi humfundisha mtu asiyejua jambo na anayelitaka. Mzee mvuvi hana upungufu wa habari. Madhara ya sigara anayajua na anaweza kukuhutubia wewe.

Kuhusu daktari, ni lazima aseme ukweli. Kinachobadilika ni mlango anaoingilia. Huanza kwa kuuliza mteja anajua nini tayari, kisha anaomba ruhusa: "Naomba nikueleze tunachokiona kwa watu wenye presha kama yako, halafu uniambie wewe unalionaje." Anaeleza kwa ufupi, kisha ananyamaza. Swali lile la mwisho, la "unalionaje", ndilo linalosahauliwa sana, na bila hilo mengine yote yanageuka kuwa hotuba.

Tena wakubwa wanaweza kuwa wanasihi wazuri kuliko sisi. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianzisha mwaka 2006 huko Mbare, Harare, utaratibu wa kuwafunza bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hamtajii mtu jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Huzungumzia kile ambacho Washona wenyewe hukiita kufikiri kupita kiasi. Humwacha mgonjwa ayafungue yaliyo moyoni, wakayapanga pamoja, kisha mgonjwa mwenyewe akachagua moja la kuanza nalo na hatua ndogo ya kulitatua. Jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mamlaka ya bibi hayakuondolewa. Aliombwa tu ayatumie kusikiliza.

#4 Msomaji wa Dunda, Bagamoyo

Kinachonisumbua mimi ni uaminifu. Mnasihi anachagua neno la kurudisha na la kuliacha, anashusha sauti makusudi, anajua anakotaka mtu afike, lakini mteja anadhani amefika mwenyewe. Hilo lina tofauti gani na ujanja wa dalali?

#5 Mnasihi wa Ngamiani

Swali hili ndilo nililolingoja. Tofauti ya kwanza ni kwamba dalali anaweza kukuuzia usichokitaka, ilhali kauli za mteja haziwezi kuokotwa mahali ambapo hazipo. Kama mzee yule hakujali unahodha, kauli yangu ingekufa palepale. Tofauti ya pili ni kwamba ukiniuliza ninafanya nini, nitakueleza hatua kwa hatua, na mbinu haitaharibika.

Hata hivyo hofu yako ina msingi. Ndiyo maana Miller na Rollnick wenyewe wanaonya kwamba kuna maamuzi ambayo mtaalamu hapaswi kuyaelekeza kabisa, kama vile kumtolea ndugu figo au kuongeza mtoto. Mwanamke akija kwangu akiwa anawaza abaki katika ndoa au aondoke, nikianza kuzishika kauli za upande mmoja tu, nitakuwa ninamwamulia huku nikijisifu kwamba ninamsikiliza. Hapo kazi yangu ni kuzirudisha pande zote mbili kwa uzito uleule. Akiniambia anapigwa, tunaacha kwanza mengine yote na kuzungumzia usalama wake.

#6 Mama wa Makorora

Kijana wangu anakunywa, na sasa kazi ya bodaboda imeanza kumshinda. Nikimkemea anaondoka, nikinyamaza naonekana nimeridhia. Mimi si mnasihi. Niseme nini?

#7 Mnasihi wa Ngamiani

Pole sana, mama. Usijaribu kuwa mnasihi wa mwanao. Wewe una haki ambayo mimi sina, ya kusema unavyoumia. Chagua wakati ambao hajanywa na hapana mtu mwingine wa kumwaibisha. Sema ulichokiona, usiseme alivyo. "Juzi ulirudi saa nane usiku na pikipiki imevunjika taa, nikakesha" ni kauli asiyoweza kuipinga. "Wewe ni mlevi" ataipinga mpaka asubuhi. Usilolitaka liseme mara moja kwa uwazi, kwa mfano kwamba hutalipa tena madeni ya kilabuni, na ulisimamie.

Kisha umsikilize kwa makini siku atakapoteleza ulimi kwa heri, akasema labda, "hata mimi nimechoka." Usijibu "si nilikuambia". Jibu "umechoka", kwa sauti ya kushuka, kisha usubiri, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Akisema anataka kupunguza, msaidie kulifunga neno lake kwenye mahali na wakati. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer aliliandika jambo hili mwaka 1999: nia ya jumla ni dhaifu kuliko sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 yaliyounga mkono hoja hiyo. "Nitapunguza pombe" haina pa kushika. "Nikishusha abiria wa mwisho na wenzangu wakiniita, nitawaambia narudisha pikipiki kwanza" ina saa, ina watu, na ina maneno ya kusema. Ayatunge yeye. Ukiyatunga wewe yatakuwa amri nyingine ya nyumbani.

Jambo moja la tiba: kama anakunywa kila siku na anatetemeka mikono asubuhi anapokosa, asiache ghafla peke yake. Mpelekeni hospitali kwanza, kwa sababu kuacha pombe kwa ghafla katika hali hiyo kunaweza kuleta degedege na hata kifo.

#8 Aliyepata nafuu, Bagamoyo

Mimi nilipita katika nyumba ya upataji nafuu hapa Bagamoyo kwa ajili ya heroini. Katika vikao vyetu kila mtu alisimama akasema, "mimi ni mraibu". Sasa nasikia wataalamu wengine wanasema mtu asijiite kwa jina la tatizo lake. Nani mkweli? Na la pili, mtu aliyerudia kutumia baada ya miezi mingi aambiwe nini? Mimi niliambiwa "umerudi sifuri", na kwa kuwa nilikuwa sifuri, nilitumia wiki nzima.

#9 Mnasihi wa Ngamiani

Ahsante kwa kuandika, ndugu yangu. Desturi ya kujitaja hivyo inatokana na vikundi vya hatua 12, ambavyo mizizi yake ni kikundi cha walevi waliosaidiana kuacha pombe, kilichoanza Akron, Marekani, mwaka 1935. Msimamo wa pili ni wa wanasihi Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, waliofundisha kwamba mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo, na kwa hiyo wakawa wanauliza: "Heroini ilikudanganya nini siku ile? Ni lini uliikatalia?" Swali la aina hiyo humfanya mtu alitazame jambo akiwa amesimama pembeni yake.

Huku pwani tunalizungumza hivyo tayari, tukisema hasira zimempanda au shetani amempitia, na hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu "ni shetani tu" inaweza kuwa njia ya kufunga mazungumzo. White hakuishia kwenye kulitenga tatizo. Aliendelea kumuuliza mtu ana msimamo gani juu yake. Kwa maoni yangu, kinachopima jina ni nani aliyelitoa na linamfungulia mtu nini. Wewe kusema "mimi ni mraibu" mbele ya wenzako wanaokupokea kunakukumbusha kujilinda. Muuguzi akikuita "teja" dirishani, hutarudi kuchukua dawa.

Kuhusu kuteleza, Alan Marlatt, aliyefanya utafiti wa kurudia uraibu huko Seattle, alieleza katika miaka ya 1980 hicho hicho kilichokupata. Mtu aliyejiwekea sharti la kutogusa kabisa, akigusa mara moja, hujisomea hukumu kwamba hana uwezo, na hukumu hiyo humsukuma aendelee kuliko hata dawa yenyewe. "Umerudi sifuri" iliithibitisha hukumu hiyo. Mtu akija kwangu katika hali hiyo namshukuru kwanza kwa kuja, kisha namuuliza ametumia kiasi gani na yuko na nani, kwa kuwa mwili uliokaa muda mrefu bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani na watu hufa kwa hilo. Baada ya hapo tunairudia siku yenyewe polepole: aliamkaje, alipita njia ipi, nani alimpigia simu, na ni dakika gani ambapo alisitasita kabla ya kukubali. Hapo aliposita ndipo ninapombakisha muda mrefu zaidi, nikimuuliza alikuwa akijiambia nini.

Maswali mengine nitayajibu kesho baada ya kliniki.